Kuifuata Kauli Hadi Chanzo Chake: Stadi za Taarifa Maktabani na Darasani Zama za Akili Mnemba

Ndugu wakutubi, walimu wenzangu, wanafunzi mlioketi huko nyuma, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa stadi za taarifa wakati huu ambapo msomaji huuliza swali lolote na mashine ikamjibu ndani ya sekunde chache. Neno langu ni moja. Kwa miongo kadhaa tumemfundisha msomaji kuipima hati: nani kaiandika, lini, nani kaichapisha, kwa lengo gani. Leo kinachomfikia mara nyingi hakina hati nyuma yake. Ni aya tano zilizonyooka, zisizo na mwandishi, tarehe wala mchapishaji. Ukimwambia aipime hati, hana cha kupima. Basi kipimo chetu kihamie kwenye kauli. Sentensi moja inayodai jambo ichukuliwe peke yake, ifuatwe hadi inakotoka. Mengine yote nitakayosema ni namna ya kulifanya hilo katika kipindi cha saa moja, kwenye meza ya marejeo, na katika kazi tunazowapa wanafunzi.

Tukumbushane kidogo tulikotoka. Dhana ya stadi za taarifa iliwekwa mezani na Paul Zurkowski nchini Marekani mwaka 1974, naye alikuwa akiwazungumzia watu wanaojua kutumia vyanzo vya taarifa katika kazi zao. Mwaka 1989 kamati ya Chama cha Maktaba cha Marekani ikaipa maana ambayo mpaka leo tunaitumia: mwenye stadi hizi hutambua anapohitaji taarifa, hujua kuitafuta, huitathmini na huitumia ipasavyo. Tamko la Alexandria la mwaka 2005 likaihesabu kuwa haki ya msingi ya binadamu katika ulimwengu wa kidijitali.

Ziangalieni tena zile hatua nne za 1989. Mashine inajitolea kutafuta, kutathmini na kuandika. Inayobaki mikononi mwa mwanafunzi ni ile ya kwanza, kutambua anahitaji nini, nayo ndiyo anayoiruka. Ananakili kichwa cha zoezi kama kilivyo, anabonyeza, anapokea. Carol Kuhlthau, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi wanafunzi wanavyotafuta taarifa, alionyesha kuwa kuchanganyikiwa na mashaka huongezeka katika hatua za awali, pale mtu anapoichunguza mada kabla hajapata mwelekeo wake. Mashaka yale yana kazi, kwani humo ndimo swali linamoundwa. Jibu laini linalowahi kuja humwondolea mwanafunzi mashaka kabla hajawa na swali, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa kuliko makosa ya ukweli tunayoyalalamikia kila siku. Kwa hiyo kanuni ya kwanza darasani iwe hii: kabla ya kugusa mashine yoyote, mwanafunzi aandike kwa mkono swali lake, mambo mawili anayoyajua tayari, na jambo moja ambalo likipatikana litambadilisha mawazo. Dakika saba zinatosha. Karatasi hiyo ihifadhiwe, tutaihitaji baadaye.

Mwanafunzi hataona sababu ya kuifuata kauli asipoelewa jibu limetengenezwaje. Maelezo yake si marefu. Modeli za lugha, yaani programu zinazotoa majibu hayo, zimejengwa juu ya muundo uitwao transfoma, uliochapishwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Katika mafunzo, modeli hupitishwa kwenye maandishi mengi mno na kujifunza kukadiria kipande cha neno kinachofuata. Ukiiuliza, hukadiria kipande kimoja, hukiongeza kwenye matini, kisha hukadiria kingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Katika utaratibu huo hakuna rafu inayofunguliwa wala kitabu kinachosomwa upya. Sentensi ya kweli na sentensi ya kubuni hutoka kwa njia ileile, kwa sauti ileile ya uhakika. Na kwa kuwa uteuzi wa kipande huachiwa nasibu kidogo, swali lilelile likiulizwa mara mbili laweza kuleta majibu mawili tofauti. Wafanyieni wanafunzi jambo hilo mbele ya macho yao, ulizeni mara tatu mfululizo, nao wataelewa upesi kuliko kwa maelezo ya nusu saa.

Hapo ndipo inapofahamika kwa nini marejeo ya kubuni ni mengi hivyo. Rejea ina umbo linalojirudia mno: jina la mtu, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida, juzuu, kurasa. Kwa mashine inayokadiria maumbo, hiyo ni kazi rahisi kabisa. Huchukua jina la mtafiti aliyepo kweli katika fani ile, humpachika kichwa ambacho angeweza kukiandika, hutaja jarida ambalo lingeweza kukichapisha. Kila kipande kinaaminika, ila kitu kizima hakipo. ChatGPT, programu ya akili mnemba ya kampuni ya OpenAI, ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na haukupita hata mwaka kabla ya mahakama moja ya New York kukutana na jambo hili. Katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili waliwasilisha hukumu ambazo hazijawahi kutolewa na mahakama yoyote, na mwezi Juni 2023 wakatozwa faini ya dola 5,000. La kuzingatia kwetu walimu ni kwamba wakili aliyezitafuta hukumu zile aliiuliza ChatGPT yenyewe, iliyompa hukumu hizo, kama ni za kweli, nayo ikamjibu kuwa ni za kweli. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times likatoa nyongeza yenye orodha ya vitabu 15 vya kusoma msimu wa joto. Kumi kati yake havikuwapo, ingawa waandishi waliotajwa ni watu wa kweli. Msomaji anayevitaka huja kwetu, kwenye dawati la maktaba.

Zipo sasa zana zinazotafuta kwanza mtandaoni au katika hifadhidata, kisha zikaandika jibu na kuweka viungo. Ni hatua njema, lakini msidhani tatizo limekwisha. Limebadilika sura. Chanzo kinakuwapo, kiungo kinafunguka, ila ndani yake kauli ile haimo, au imo kwa masharti ambayo jibu limeyadondosha. Utafiti uliofanywa kwa kikundi kidogo unageuka kuwa "wanafunzi kwa ujumla". Neno "huenda" linapotea njiani. Kosa la aina hii ni gumu kuligundua kuliko rejea ya kubuni, maana mwanafunzi akiona kiungo kinafunguka hutulia. Mfundisheni kwamba kiungo kinachofunguka kimethibitisha kuwapo kwa ukurasa tu.

Niingie sasa kwenye kipindi chenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Chukueni dakika 60. Maandalizi hufanywa na mkutubi pamoja na mwalimu wa somo, na mada itoke kwenye silabasi ya wiki hiyohiyo. Mada ya kubuni kwa ajili ya "somo la maktaba" husahaulika mlangoni. Iulizeni mashine swali linalofanana na zoezi halisi, pateni jibu la maneno kama 300 lenye marejeo matatu hadi matano, kisha ninyi wenyewe mlihakiki lote kabla ya siku ya kipindi. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa mbili, na haina njia ya mkato. Chagueni jibu ambalo sehemu kubwa ni sahihi na makosa yamejificha humo. Mkichagua jibu lililojaa upuuzi, wanafunzi wataondoka wakiamini kuwa mashine hudanganya siku zote, na siku itakapowapa jibu zuri watadhani ninyi ndio mliowadanganya. Lichapeni kwenye karatasi, mistari iwe na nafasi pana.

Wanafunzi wakae watatu watatu. Dakika 10 za kwanza waligawe jibu katika kauli. Wengi hukosea hapa kwa kudhani sentensi moja ni kauli moja. Chukueni mfano huu kuhusu ISBN, namba ya kimataifa ya utambulisho wa kitabu: "ISBN ilianza kuwa na tarakimu 13 mwaka 2007 kwa sababu namba za tarakimu 10 zilielekea kuwa chache, na tangu hapo kila kitabu kinachochapishwa duniani kina namba hiyo." Humo mna kauli tatu. Ya mwaka ni sahihi, mabadiliko yalianza Januari 2007. Ya sababu ni sahihi, ingawa haijakamilika, kwani mfumo ule ulikuwa unaoanishwa pia na msimbo wa mistari unaotumika kwenye bidhaa nyingine. Ya tatu si kweli, kwa kuwa vitabu vingi hutoka bila ISBN, hasa vya watu wanaojichapishia wenyewe. Msomaji aliyehakiki mwaka peke yake angeipitisha sentensi nzima. Makosa hupenda kukaa mwishoni mwa sentensi, nyuma ya jambo sahihi, katika maneno kama "kila", "pekee", "ya kwanza", "kwa sababu hiyo".

Kila kundi lichague kauli nne, mbili kati yake ziwe za takwimu au tarehe, moja ya sababu na matokeo, moja yenye rejea. Misemo ya "tafiti nyingi zinaonyesha" wasiifute, waiandike pembeni pamoja na swali: utafiti upi?

Dakika 30 zinazofuata ni za kufuatilia. Kila kauli ipewe alama moja kati ya nne: imethibitika, imethibitika kwa sehemu, imekanushwa, haikupatikana. Simamieni sana tofauti ya hizo mbili za mwisho. Kutopatikana ni habari kuhusu utafutaji wetu, na kukanushwa ni habari kuhusu kauli. Mwanafunzi anayezichanganya ataandika kwamba jambo si la kweli kwa sababu tu yeye alitafuta dakika sita katika lugha moja. Pembeni ya kila alama aandike chanzo kilichotumika, ukurasa au kifungu, na maneno aliyotafutia. Dakika 15 ni za kila kundi kueleza kauli moja tu iliyowasumbua. Dakika tano za mwisho mwalimu aunganishe kazi ile na zoezi lijalo.

Yapo mambo yanayoharibika karibu kila mara, bora myajue mapema. Wanafunzi hurudi kwenye mashine ileile na kuiuliza kama jibu lake ni sahihi. Wengine huandika kauli nzima kwenye injini ya kutafutia, na kwa kuwa wametafuta maneno yanayokubaliana na kauli, wanapata kurasa zinazokubaliana nayo. Watafute kiini cha jambo kwa maneno yasiyoegemea upande, "historia ya ISBN tarakimu 13" badala ya "kila kitabu kina ISBN". Injini nyingi sasa zinaweka muhtasari wa akili mnemba juu kabisa ya matokeo, hivyo mwanafunzi anayeamini ametoka kwenye mashine bado yumo ndani yake. Mwambieni ashuke mpaka kwenye kurasa zenyewe. Na kurasa mbili zenye maneno yaleyale zihesabiwe kuwa chanzo kimoja hata kama zina majina tofauti, maana moja imenakili nyingine, au zote mbili zimenakili ya tatu.

Kuna njia ya kufanya ufuatiliaji huu kwa haraka, na haikubuniwa kwa ajili ya akili mnemba. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi walikaa juu ya ukurasa mmoja wakiukagua juu hadi chini, na mara nyingi walihadaiwa na nembo nzuri na lugha rasmi. Wahakiki habari waliuacha ukurasa mapema, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasemaje juu ya chanzo kile, wakafika kwenye hitimisho sahihi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ukurasa wa "Kuhusu sisi" ndiyo ngoma yenyewe. Mike Caulfield alizipanga tabia hizo mwaka 2019 katika hatua nne: simama, chunguza chanzo, tafuta habari bora juu ya jambo lilelile, fuatilia madai na nukuu hadi zilikoanzia. Kwa jibu la akili mnemba hatua ya pili inakuwa nyembamba, kwa kuwa chanzo hakijatajwa au kimetajwa kwa uongo, na uzito unaangukia ya tatu na ya nne.

Hapa niseme wazi kuhusu orodha zetu za zamani. Vipo vipimo vilivyofundishwa maktabani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vinavyomtaka msomaji aangalie upya wa taarifa, uhusiano wake na mada, mamlaka ya mwandishi, usahihi na lengo. Maswali yale bado ni mazuri kwa kitabu na kwa makala ya jarida. Kwa jibu la mashine yanapotosha, kwa sababu lugha haina kosa la tahajia, mpangilio unapendeza, na sauti haina ushabiki. Mwanafunzi anajaza alama tano kwa tano na kuipitisha kauli ya uongo. Ninashauri tuziondoe orodha hizo katika vipindi vya mwaka wa kwanza vinavyohusu mtandao, na muda wake tuutoe kwa ufuatiliaji wa kauli.

Sasa uhakiki wa rejea, jambo ambalo kila mkutubi anapaswa kulifanya bila kutazama karatasi. Anzeni na kichwa cha makala ndani ya alama za nukuu, kwanza kwenye katalogi ya maktaba, kisha kwenye hifadhidata ya fani, kisha kwenye injini ya kawaida. Kama kuna DOI, namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, ambayo huanza na 10 na nukta, ibandikeni baada ya anwani ya https://doi.org/. Matokeo ni matatu. Ikigoma, kuna kosa la kunakili au namba haipo. Ikifunguka kwenye makala nyingine kabisa, mashine imeazima namba ya kazi ya mtu mwingine, na hili hutokea, kwa hiyo someni kichwa kinachofunguka badala ya kuridhika kwamba kimefunguka. Ikifunguka kwenye makala yenyewe, bado kazi ya ndani imebaki.

Jarida nalo lina hesabu yake. Kama hutoa juzuu moja kila mwaka na juzuu ya 1 ni ya 1990, juzuu ya 20 ni ya 2009. Rejea inayosema juzuu ya 20 ni ya 2015 ina kasoro mahali fulani. Kasoro hiyo peke yake si ushahidi kuwa makala haipo, kwani waandishi binadamu pia hukosea namba, ila inatuambia tusimame.

Kwa vitabu kuna tarakimu ya ukaguzi. Katika ISBN ya tarakimu 13, zidisheni ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili, kisha jumlisheni. Tarakimu ya 13 ni ile inayoifikisha jumla kwenye kizidishe cha 10 kinachofuata, na kama jumla imeshagawanyika kwa 10, tarakimu ni 0. Chukueni 978-0-306-40615-7. Jumla ya kumi na mbili za kwanza ni 93, zinahitajika 7 kufika 100, na 7 ndiyo iliyopo. Namba isiyofuata hesabu hii ina kosa. Inayoifuata haijathibitisha kitu, kwa sababu namba iliyobuniwa ovyo ina nafasi moja kati ya kumi ya kupita, na mashine yaweza pia kuwa imenakili namba halali ya kitabu kingine. Wanafunzi wa sekondari hulifurahia zoezi hili, na linafanyika kwa penseli hata mahali ambapo intaneti haipo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ni kufungua kazi yenyewe kwenye ukurasa uliotajwa na kusoma aya ya kabla na aya ya baada. Ikisiri haitoshi. Angalieni pia kama makala imefutwa na jarida, kwa kuwa makala zilizofutwa huendelea kunukuliwa na mashine haina sababu ya kulitaja hilo.

Msomaji akifika dawatini na rejea isiyopatikana, muulizeni kwa upole ameipata wapi. Wengi hawajui kuwa imebuniwa, na wengine wanaona aibu. Fanyeni hatua nilizozitaja kwa dakika zisizozidi 15, mwelezeni mlichokiangalia na wapi, kisha mmpe kazi mbili au tatu za kweli juu ya mada ileile. Asiondoke na "haipo" peke yake. Wekeni kumbukumbu za rejea hizi kwenye daftari moja bila jina la msomaji, mkiandika mada, zana aliyoitumia kama ameitaja, na aina ya kasoro. Baada ya muhula mmoja daftari hilo litakuwa chemchemi ya mifano ya darasani iliyotoka kwa wasomaji wenu wenyewe.

Nisieleweke kwamba napinga matumizi ya zana hizi. Zipo kazi zinazofaa kabisa. Zinatoa visawe na istilahi ambazo mwanafunzi hakuzijua, na hizo ndizo anazozipeleka kwenye katalogi na hifadhidata. Zinavunja mada pana kuwa maswali madogo. Zinaeleza kwa lugha nyepesi aya ngumu ambayo mwanafunzi ameshaifungua mbele yake, na anaweza kuoanisha maelezo na aya. Katika kazi hizo zote mashine haitumiki kama chanzo. Ila namna ya kuuliza ifundishwe. Ukiuliza "kwa nini mbinu hii ni bora", utapewa sababu za ubora, kwa kuwa modeli huelekea kumfuata muulizaji. Ulizeni "mbinu hii imelinganishwaje na nyingine, na matokeo yalitofautiana wapi", halafu mkayatafute hayo malinganisho.

Sisi tunaosoma na kufundisha kwa Kiswahili tuna la ziada. Maandishi yaliyofunzia modeli hizi kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na Kiswahili ni sehemu ndogo sana. Zoezi zuri ni kuuliza swali moja kwa lugha zote mbili na kuweka majibu sambamba. Angalieni lipi limeachwa, mifano imetoka wapi, istilahi zipi zimebuniwa papo hapo bila kuwapo kwenye kamusi yoyote. Jibu la Kiswahili likiwa jembamba, mwanafunzi asihitimishe kuwa hakuna maarifa kwa Kiswahili. Mengi yamo kwenye vitabu, magazeti ya zamani na tasnifu zilizo rafuni, ambayo hayajawahi kuwekwa kidijitali, na hapo mkutubi ndiye njia.

Kuhusu programu zinazodai kubaini maandishi ya akili mnemba, msimamo wangu ni mkali: zisitumike kumwadhibu mwanafunzi. Kampuni ya OpenAI iliiondoa zana yake yenyewe ya aina hiyo Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipitisha insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye programu saba za aina hiyo, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Mwanafunzi wetu anayeandika Kiingereza kwa sentensi fupi na msamiati wa kawaida ndiye atakayeumia kwanza.

Badala yake tubadilishe kazi tunayoipa. Katika zoezi la alama 100, alama 30 ziende kwenye mchakato: ile karatasi ya swali la awali, kumbukumbu ya utafutaji yenye maneno yaliyotumika na yaliyoshindwa, na orodha ya vyanzo sita, kila kimoja na sentensi mbili zinazosema kimetumika kuthibitisha kauli ipi na kwenye ukurasa upi. Sehemu hiyo aisahihishe mkutubi. Kisha mazungumzo ya dakika tano na kila mwanafunzi juu ya chanzo kimoja alichokichagua mwalimu. Kwa darasa kubwa hilo halitekelezeki kwa wote, basi wachaguliwe kwa kura, na wote wajulishwe mapema kwamba yeyote anaweza kuitwa. Aliyetumia akili mnemba aeleze zana gani, tarehe gani, aliuliza nini, na alibadilisha nini katika jibu.

Picha na sauti nitazipitia upesi. Kuhesabu vidole kwenye picha kulisaidia kwa muda mfupi, na sasa hakusaidii. Ipakieni picha yenyewe kwenye injini ya kutafutia, mwone ilionekana wapi mwanzo na ikiwa na maelezo gani. Alama za chimbuko zinazowekwa ndani ya faili kueleza ilikotoka na ilivyotengenezwa husaidia zikiwapo, lakini mara nyingi hupotea faili inaposambazwa, hivyo kukosekana kwake hakuthibitishi chochote.

Na tuwalinde wasomaji wetu. Jina, namba ya uanachama na historia ya kuazima visiingizwe kwenye zana ya umma hata kwa kazi ndogo kama kuandika barua ya kumbusho. Makala kutoka hifadhidata tunazolipia zisipakiwe humo kabla ya kusoma mkataba wa leseni, kwa kuwa mingi inakataza. Kwa watoto, mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 umependekeza umri wa chini wa miaka 13 kwa matumizi huru ya zana hizi.

Limebaki suala la kupima kama tumefundisha. Dodoso la kuuliza kama kipindi kilipendeza halitatuambia lolote. Wapeni wanafunzi marejeo matano kabla ya kipindi, mawili ya kubuni, mawili ya kweli, na moja ambalo kazi ipo lakini haisemi inachodaiwa kusema. Wawe na dakika 15 na intaneti. Rudieni kwa marejeo mengine baada ya wiki sita hadi nane, wakiwa wameshasahau hamasa ya siku ile. Halafu hesabuni makosa ya aina mbili kando kando: ya kubuni yaliyopitishwa, na ya kweli yaliyokataliwa. Wengi wetu tunahesabu ya kwanza tu. Kipindi kilichofundishwa kwa vitisho hupunguza ya kwanza na kuongeza ya pili. Mwanafunzi anaanza kukataa kila kitu, hata makala sahihi, na anadhani huo ndio umakini. Mkiona dalili hiyo, kipindi kifuatacho kianze na jibu la mashine ambalo kauli zake zote ni sahihi, na kazi ya makundi iwe kuleta, kwa kila kauli, chanzo na ukurasa unaoithibitisha.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nitapokea maswali, na ningependa kuanza na wale wanaofundisha madarasa yenye wanafunzi zaidi ya mia moja.